Kigololi Kilichobaki Kwenye Mtutu

"Hitto!" Alipiga kelele hivyo, jamani, pale pale kitandani hospitalini! Mkono juu, jicho limevimba, muuguzi kashika chupa ya maji hajui amwage au asimwage! Hitto, nawaambieni! Na yule bosi mkubwa na tai yake akabaki mdomo wazi kama samaki wa dukani, na Nobuteru…

Hapana, ngoja. Nimeanzia mkiani. Ngoja nikae, nivute pumzi, niwaambie vizuri, maana hili si la Satsuki na mumewe peke yao. Ni letu sote hapa Kitsukawa, na nikizidi kulinyamazia nitapasuka.

Satsuki mnamjua. Ni yule fundi saa wa kibanda cha kioo pale kituo cha treni, anayebana kioo chake cha kukuzia kwenye jicho la kulia na kuchokonoa saa ndogo ambazo wewe ukizipumulia tu zinapotea. Mumewe ni Nobuteru Kurosu, wa ile kampuni ya mabomba ng'ambo ya mto. Mtu mpole, jamani. Mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Jumamosi asubuhi utamwona barazani ghorofa ya tatu anaanika nguo, mkewe kakaa mlangoni na chai, wanataniana mpaka majirani wa chini tunacheka. Nyumba ya amani. Nyumba ambayo ungesema, hawa wawili nini kitawapata?

Jumamosi moja akaning'iniza soksi ya mwisho, akakohoa.

"Satsuki, nikuulize kitu?"

"Ukianza hivyo unataka kununua kitu."

"Bunduki."

Chai ikampanda Satsuki puani.

"Ya mchezo!" Nobuteru akapunga mikono. "Hizi za easofti, za vigololi vya plastiki. Si unajua ninavyokwenda na watu wa ofisini kule msitu wa Inzai? Kila siku naazima ya uwanja. Nataka yangu. Ya kwanza."

"Mtu mzima na bunduki ya kuchezea."

"Mtu mzima mwenye kitambi na bunduki ya kuchezea," akasema Nobuteru, naye Satsuki akacheka, mambo yakaisha hapo. Alikuwa anajua. Mumewe tangu aanze mchezo ule alikuwa analala vizuri na anakula vizuri. Akasema, "Haya, nunua. Ila twende wote. Wewe ukiachwa peke yako dukani unanunua chochote muuzaji anachokupa kwa kuogopa kumuudhi."

Mkumbuke hayo maneno. Alikuwa anampenda, lakini alimjua.

Basi wakaenda. Dukani wakapokelewa na binti mmoja ana nywele za zambarau, mcheshi huyo! Akamwangalia Nobuteru juu mpaka chini.

"Kaka, ya kwanza hii?"

"Inaonekana?"

"Umeishika kama unabeba mtoto wa jirani. Haya, rudisha hiyo. Kwanza miwani ya kinga. Pili viatu. Bunduki mwisho kabisa. Bunduki ukikosea unabadilisha, jicho hubadilishi."

Akamletea fupi, ya betri, nyepesi, akamwambia aegemeze bega, aweke shavu, afumbe jicho moja. "Inakuchosha?" Hapana. "Unaona mbele bila kukunja shingo?" Ndiyo. Nobuteru mwenyewe aliniambia, alipoishika ile fupi alihisi kama amevaa viatu vyake mwenyewe baada ya kuvaa vya watu siku nyingi. Satsuki akasema, "Imekukaa hiyo. Hata kitambi hakionekani."

Yule binti akaongeza jambo moja, na hili nalisema polepole mlisikie. Alichomoa magazini, lile sanduku la vigololi, akawaonyesha. "Mnadhani imeisha?" Wakasema imeisha. Akaelekeza mtutu kwenye kisanduku cha majaribio, akafyatua. Tap! Kigololi kikatoka. "Kimoja hubaki ndani, siku zote. Iwe ya betri, iwe ya kukoki, mkitoa magazini fyatueni kwanza kwenye kisanduku au gunia, tena na tena, ndipo mseme imeisha. Na kama ni nyumbani, kila aliye chumbani avae miwani. Chukueni mbili. Ya kaka na ya dada."

Mambo yalikuwa yamekwisha pale, jamani! Yamekwisha! Mkono wa Nobuteru ulikuwa mfukoni unatafuta pochi. Lakini akaona adabu ni kumtumia bosi wake picha kwanza.

Bosi mwenyewe ni Onodera. Mkuu wa idara, nahodha wa timu ya ofisi, mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Simu ikalia hata kabla Nobuteru hajaiweka chini.

"Kurosu! Hicho ni kitu gani? Kichezeo cha mtoto! Timu yangu yote inabeba ndefu, ya kukoki, kama yangu. Unataka tuonekane ovyo?"

"Hapana, bosi."

"Basi unajua la kufanya, kijana wangu."

"Ndiyo, bosi. Asante, bosi." Na akainamisha kichwa, kwenye simu, mtu haonekani!

Akairudisha fupi. Akachukua ndefu, zito hilo, la kukoki kwa mkono kila ukifyatua. Binti wa dukani akaandika risiti. Satsuki hakunyamaza.

"Nani ataibeba hii, wewe au Onodera?"

"Huielewi ofisi, mke wangu."

"Naielewa shingo yako. Inainama kila siku, sasa inainama mpaka Jumapili."

Na kwa kuwa ndefu ilikuwa imemeza yote waliyopanga kutumia, miwani wakachukua moja tu. Ya pili, Nobuteru akasema, tutachukua siku nyingine.

Sasa sikieni kuhusu mchezo wenyewe, kwa wale ambao hamjawahi kufika Inzai. Kigololi hakiachi rangi, hakiachi alama. Hakuna refa wa kusema huyu kafa, huyu mzima. Ukiguswa, wewe mwenyewe unainua mkono, unapaza sauti "Hitto!", yaani nimepigwa, unatoka uwanjani. Mwenye kujua ni wewe, mwenye kusema ni wewe. Mchezo mzima umesimama juu ya hapo. Anayeguswa akanyamaza, wanamwita zombi, maana amekufa na bado anatembea. Na aliyepiga haruhusiwi kumpigia kelele. Anamwambia msimamizi tu kwa upole.

Jumapili iliyofuata Nobuteru akaingia msituni na lile dude. Mpaka akoki, mwenzake kashapita. Mpaka aliinue, wa kulengwa kashahama. Aliguswa asubuhi nzima, hitto, hitto, hitto, kama jogoo. Satsuki alikuja na vitonge vya wali, kasimama nyuma ya wavu wa watazamaji na miwani ya kuazima, anamwonea huruma na kucheka.

Mchana bahati ikamwangukia. Timu zilichanganywa, bosi akawa upande wa pili. Nobuteru amelala kwenye majani, akaona mgongo mpana wa Onodera mbele yake, kwenye mwanga, hapo karibu. Akakoki. Akafyatua.

Tap!

Katikati ya mgongo. Hata Satsuki aliusikia ule mlio kwenye wavu. Na bosi? Bosi akajikuna shingo, kama mbu kamtua, akaendelea na safari yake.

Hapo ndipo Nobuteru alipoelewa kwa nini kila mtu wa chini ya bosi lazima abebe bunduki ya kukoki. Ya betri humwaga vigololi mfululizo, huwezi kuvikana; hii ni kimoja kimoja. Akipigwa kimoja, ananyamaza, basi.

Msimamizi alikuwa ameona kitu. Akamsogelea Nobuteru. "Vipi, ulimpata yule?"

Nobuteru akamwangalia bosi. Bosi akamwangalia Nobuteru, anatabasamu.

"Nadhani… nilikosa."

"Kijana ana adabu huyu!" Onodera akapaza sauti, msitu mzima ukasikia. "Leo chakula cha jioni nakuja kula kwako!"

Haya, tazameni sasa jambo linavyozaa jambo. Kwenye lango la kutokea pana gunia la mchanga la kufyatulia, kila mtu anasafisha mtutu wake pale kabla hajaifunga bunduki kwenye mfuko. Nobuteru akachomoa magazini, akapanga foleni.

"Wewe, foleni ya nini? Umeshatoa magazini, si basi!" Bosi kamshika bega. "Bia inanisubiri."

Akatoka foleni. Mlikuwa mnadhani atafanyaje?

Ndani ya gari, bosi anafuata nyuma na lake, Satsuki akamgeukia mumewe darajani.

"Ulimpiga."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa kesho namwona ofisini, Satsuki. Wiki ijayo wanatangaza msaidizi wake. Wewe saa zako hazikupi cheo."

Satsuki akageuza uso dirishani. Nobuteru aliniambia kuwa hapo ndipo alipojichukia, lakini akajiambia atamwomba radhi baadaye, mgeni akishaondoka. Sisi binadamu bwana! Baadaye, baadaye.

Jioni, jua halijazama vizuri, bosi kakaa kwenye mto mzuri wa nyumba ile, miguu kainyoosha. Satsuki jikoni anakaanga korokke, vile vya viazi na nyama, harufu imejaa ngazi zote, mimi mwenyewe huku chini mate yananitoka. Bia ya kwanza, ya pili. Onodera akapiga meza.

"Lete hiyo bunduki. Nataka kuusikia mlio wake. Wa yangu umeanza kulegea."

"Sasa hivi, bosi? Humu ndani?"

"Umetoa magazini au hujatoa?"

"Nimetoa."

"Basi unaogopa nini? Kelele za hewa?"

Nobuteru akaileta. Akaishika magotini. Na ninawaapia, maneno ya yule binti mwenye nywele za zambarau yalimjia yote, neno kwa neno. Kimoja hubaki ndani, siku zote. Yakafika mpaka kooni. Angesema tu, "Bosi, sikusafisha mtutu." Sentensi moja! Lakini kusema hivyo ni kumkumbusha nani aliyemtoa kwenye foleni. Ni kumkosoa mkubwa, tena mgeni, tena mezani. Akayameza.

Akakoki.

Na hapa ndipo pananiuma mimi. Kwa heshima, kwa adabu zake zote, hakuthubutu hata kuuacha mtutu uelekee upande aliokaa mkubwa. Akaugeuza. Akauelekeza kwenye mlango wa jikoni.

Satsuki akatokea na sahani.

Tap!

Ule ule mlio wa msituni. Sahani ikaanguka, korokke zikabingirika mpaka chini ya meza, na Satsuki akakaa chini polepole, mikono yote miwili kwenye jicho la kulia. Hilo la kazi yake. Hilo la saa.

Wanaume wote wawili walikuwa wamekunywa, kwa hiyo teksi. Satsuki nyuma na mumewe, bosi mbele, kageuka.

"Kurosu, nisikilize vizuri. Nani alikuwa anakaanga? Yeye. Mafuta yakaruka. Umesikia? Mafuta."

"Bosi…"

"Ukisema bunduki, hospitali itaita polisi, polisi wataita kampuni, timu inafungwa, mimi na umri huu nachafuka, na wewe hicho cheo sahau. Daktari ni daktari, jicho ni jicho. Atalitibu tu. Kuna tofauti gani?"

Nobuteru akamtazama mkewe. Jicho lake la kushoto, lisiloumia, lilikuwa wazi, linamwangalia. Halikuwa na hasira. Lilikuwa linasubiri.

"Ndiyo, bosi," akasema Nobuteru.

Jicho lile likafumbwa.

Hospitalini daktari wa zamu alikuwa kijana, mbio mbio, chumba kimejaa watu. "Imekuwaje?"

"Mafuta," Nobuteru akasema. "Mafuta ya moto."

"Mafuta? Basi tunaosha haraka. Mlazeni. Muuguzi, maji mengi, mfungue kope vizuri, bana kwa nguvu kama anapepesa."

Satsuki akalazwa. Muuguzi akavaa glavu. Bosi kasimama mlangoni, mikono nyuma, kama mkaguzi. Nobuteru miguuni mwa kitanda, kichwa chini, anatazama viatu vyake vya msituni vyenye tope. Chupa ikainuliwa. Vidole vikafika kwenye kope.

"Hitto!"

Ndiyo hiyo sasa! Mkono wa Satsuki juu, umenyooka, kama wachezaji wanavyofanya.

"Dada, umesemaje?" daktari akauliza.

"Nimepigwa. Mimi nimeshainua wangu." Akamgeuzia mumewe jicho la kushoto. "Wewe je, Nobu?"

Chupa iko hewani.

"Ni maumivu hayo," bosi akasema. "Yanamchanganya, masikini. Daktari endelea tu."

Nobuteru aliniambia kuwa wakati ule hakufikiria polisi, hakufikiria cheo. Alifikiria mgongo mpana kwenye mwanga, mtu anajikuna shingo. Akajiona ni yeye. Akaona amekuwa zombi, amekufa siku nyingi na anatembea tu, ofisini, dukani, nyumbani kwake mwenyewe.

Mkono wake ukapanda. Anasema ulikuwa mzito kuliko lile dude la bunduki.

"Si mafuta, daktari. Ni kigololi. Cha bunduki ya mchezo, karibu sana, hatua chache. Nimefyatua mimi. Nilijua huenda kimebaki ndani, nikafyatua."

"Weka chupa chini!" Daktari alipiga ukelele, mgonjwa wa pazia la pili akashtuka. "Usimguse! Usibonyeze hapo! Inueni kichwa chake. Niitieni daktari wa macho, sasa hivi!"

Daktari wa macho akaja, mama mmoja mwenye mvi, akamulika, akatazama muda mrefu. Damu ilikuwa inajikusanya ndani ya jicho, na nyuma kabisa palikuwa na mchaniko. Akamwambia Nobuteru bila kumpamba: "Mngeshikilia kusema mafuta, tungebana na kuosha, tungempa dawa ya kupaka, mngerudi nyumbani. Kesho kutwa mngemleta hapa jicho hili limeshakwisha, na sehemu ya kazi hiyo tungekuwa tumeifanya sisi kwa mikono yetu."

Kuna tofauti gani, eti! Ndiyo tofauti hiyo!

Onodera akaweka kola yake sawa. "Kurosu, tutaongea ofisini."

Nobuteru akainama. Ndiyo, bado aliinama, tabia haitoki siku moja. Lakini alipoinuka akasema, "Bosi, leo mchana sikukukosa. Nilikupiga mgongoni, na unajua."

Bosi akatoka. Hakupigwa na mtu, hakufukuzwa na mtu, msidhani hadithi za kweli zinakwenda hivyo. Bado yuko ofisini kwake. Polisi walikuja, Nobuteru akaandikisha maelezo yake yote, hakujitetea hata kidogo. Satsuki akafanyiwa matibabu ya mwanga wa leza kule nyuma ya jicho, akaambiwa alale kichwa juu, asiiname, asisome, asishike saa. Jicho limeokoka. Litaona kiasi gani, daktari mwenyewe hajasema. Kibanda kituoni kimefungwa pazia, na saa zetu sote zimo ndani, zimesimama.

Usiku wa kwanza mumewe aliomba radhi mpaka akaishiwa maneno. Satsuki akamjibu, "Usiniombe mimi radhi kwa sauti ya ofisini. Hiyo nimeshaichoka. Niambie kwa ya barazani." Akalia hapo, mwanamume mzima.

FUNZO

Majirani zangu, wazazi, na nyie vijana mnaotaka bunduki ya kwanza, mnisikilize, na msiseme huyu naye anapenda maneno. Napenda, ndiyo, lakini haya ni ya kweli.

Kitu cha kwanza utakachokibeba mikononi mwako, chagua kwa mikono yako. Si kwa mikono ya bosi, si kwa ya rafiki, si kwa ya timu. Azima kwanza, jaribu, chukua ile isiyokuchosha. Nunua miwani kabla ya bunduki, na ya mwenzio kabla ya madoido. Na usimwamini mtu yeyote, hata awe na cheo gani, anayekwambia haina kitu. Fyatua kwenye gunia kwanza. Anayekucheka kwa kusimama kwenye foleni hiyo hatakuwepo kukuuguzia mkeo.

Lakini bunduki ni sehemu ndogo tu. Ugonjwa wenyewe ulioingia nyumba ile ni kujipendekeza. Tunauita adabu, tunauita kuielewa ofisi, tunawafundisha watoto. Adabu ya kweli ni kumwambia mkubwa, "Bosi, sikusafisha mtutu." Nobuteru alimeza "hapana" ndogo dukani, akameza nyingine uwanjani, nyingine langoni, na ile aliyoimeza mezani akaimeza na jicho la mkewe. Kila moja ilikuwa nyepesi kuliko ile inayofuata. Ukikosea, inua mkono mwenyewe, mapema, kabla mtu hajalazwa kitandani akuinulie.

Basi, nimesema, nimepumua. Ila kesho asubuhi ndiyo wanamfungua Satsuki bandeji. Na kesho hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, Onodera anamtangaza msaidizi wake mpya mbele ya idara nzima, na kila mtu ametakiwa kuwepo. Nobuteru amempigia simu jioni hii, nimemsikia mwenyewe barazani, nguo mkononi. Hakuinama. Amesema, "Hapana, bosi. Kesho siji." Tunakwenda wote hospitalini na teksi, mimi nakaa mbele. Mfukoni nimeweka saa yangu ndogo kabisa, ile ya bibi ambayo sikuipeleka kibandani, Satsuki anataka nimshikie mbele ya uso bandeji ikifunguliwa. Akiisoma, mtasikia kelele zangu kuanzia kituoni. Asipoisoma nitakuja kimya kimya, niwaambie mlango kwa mlango. Kesho msilale mchana.